Ndani ya galoni ya oili: mafuta ya msingi ni yapi, na bei ya sinthetiki inalipa wapi

Swali limetoka kwa msomaji wa Ujiji, mkoani Kigoma, mwenye Fuso linalobeba chumvi kutoka Uvinza na Toyota Noah ya kifamilia. Anaandika: “Mtaalamu, salaam. Dukani Mwanga nimekuta galoni tatu zenye namba ileile ya 15W-40. Ya kwanza imeandikwa minerali, ya pili nusu sinthetiki, ya tatu sinthetiki kamili, na hiyo ya tatu bei yake inakaribia mara mbili ya ile ya kwanza. Fundi wangu ananiambia kwamba sinthetiki ni plastiki iliyoyeyushwa, kwamba ni nyepesi mno kwa Fuso, na kwamba injini iliyozoea minerali ukiibadilishia itaanza kuvuja. Naomba unieleze tofauti iko wapi hasa, na kama fedha hiyo ya ziada inarudi.”

Ndugu yangu, nianze na kilichomo ndani ya galoni, kwa sababu maandishi ya mbele yanasema machache sana. Sehemu kubwa ya oili yoyote ya injini, kwa kawaida asilimia 75 hadi 90, ni mafuta ya msingi, na sehemu iliyobaki ni viongezeo: sabuni za kalsiamu au magnesiamu zinazosafisha na kuua asidi, kemikali zinazoyashika masizi yasigandamane, kampaundi ya zinki na fosforasi inayolinda mahali ambapo chuma hukutana na chuma, dawa za kuzuia povu, na polima zinazoisaidia oili isiwe nyepesi mno inapopata moto. Namba ya 15W-40 inaeleza mnato wa mchanganyiko mzima, yaani uzito wake ikiwa baridi na ikiwa moto, na haitaji mafuta ya msingi yaliyotumika. Ndiyo maana umeweza kuziona galoni tatu za namba moja zenye bei zisizolingana.

Taasisi ya Petroli ya Marekani, ile ambayo herufi zake API unaziona nyuma ya kila galoni, imeyapanga mafuta ya msingi katika makundi matano. Matatu ya mwanzo hutenganishwa kwa vipimo vitatu: kiasi cha molekuli zilizoshiba (yaani zilizojaa haidrojeni, zisizoshambuliwa upesi na oksijeni), kiasi cha salfa, na fahirisi ya mnato, yaani namba inayoonyesha mnato unavyohimili mabadiliko ya joto. Kundi la nne ni la aina moja tu ya mafuta yanayoundwa kiwandani kutokana na gesi, na la tano linabeba kila kitu ambacho hakikupata nafasi katika yale manne.

Kundi la I ndilo kongwe, na kwa miaka mingi ndilo lililokuwa limejaa katika takriban kila galoni. Mafuta ghafi yakishatolewa petroli, mafuta ya taa na dizeli, mabaki mazito huchemshwa kwenye mnara ulioondolewa hewa ili yachemke kwa joto la chini bila kuungua, na humo hupatikana sehemu inayofaa kulainishia. Sehemu hiyo bado ni mchanganyiko wa molekuli za kila aina. Zimo za minyororo iliyonyooka, ambazo ni nta na huganda kwenye baridi. Zimo zenye matawi na zenye pete zilizoshiba, ambazo ndizo tunazozitaka. Na zimo aromatiki, zenye pete zisizoshiba, ambazo hubadilika uzito kupita kiasi joto linapobadilika na hushambuliwa upesi na oksijeni. Kiwanda huosha sehemu ya aromatiki kwa kiyeyushi, kisha huyapoza mafuta mpaka nta igande na kuichuja. Kinachobaki kina molekuli zilizoshiba chini ya asilimia 90, au salfa inayozidi asilimia 0.03, na fahirisi ya mnato kati ya 80 na 119. Njia hii inaondoa kinachoondoleka tu, kwa hiyo ubora wa mafuta ya Kundi la I unategemea sana mafuta ghafi yalitoka kisima gani.

Kundi la II hupatikana kwa njia ambayo, kwa maoni yangu, imewanufaisha wenye magari ya dizeli kuliko jambo lolote linalotangazwa mbele ya galoni. Badala ya kuosha aromatiki, kiwanda huyapitisha mafuta kwenye kichocheo pamoja na haidrojeni, kwa shinikizo kubwa na joto kali, mpaka pete zile zisizoshiba zishibishwe na salfa itoke ikiwa gesi. Hata nta siku hizi haitupwi: tangu mwaka 1993, Chevron ilipoanza kutumia teknolojia yake ya kichocheo katika kiwanda cha Richmond, California, molekuli za nta zilizonyooka hukunjwa zikawa na matawi, na kitu kilichokuwa kikiganda kikageuka kuwa mafuta mazuri. Matokeo ni mafuta meupe kama maji, yenye molekuli zilizoshiba asilimia 90 au zaidi na salfa isiyozidi asilimia 0.03. Fahirisi yake ya mnato iko katika mipaka ileile ya Kundi la I, lakini yanakaa muda mrefu zaidi bila kuharibika, na dawa za kuzuia uoksidishaji hufanya kazi vizuri zaidi ndani yake.

Kundi la III ni mwendelezo wa kazi hiyohiyo kwa ukali zaidi, na alama yake ni fahirisi ya mnato ya 120 au zaidi. Humu ndimo yanamowekwa pia mafuta yanayotokana na gesi asilia kwa njia iliyobuniwa Ujerumani miaka ya 1920 na Franz Fischer na Hans Tropsch, ambayo leo hutumika kwa kiwango kikubwa katika kiwanda cha Pearl huko Ras Laffan, Qatar.

Fahirisi ya mnato nimeitaja mara kadhaa, nayo inahitaji maelezo. Ilianzishwa mwaka 1929 na wahandisi wawili wa Marekani, Dean na Davis, waliochukua mafuta ya Pennsylvania, ambayo ndiyo yaliyokuwa yakibadilika uzito kidogo kuliko mengine, wakayapa 100, na mafuta ya Ghuba ya Mexico, yaliyokuwa yakibadilika sana, wakayapa sifuri. Tangu hapo kila mafuta hupimwa kwa kulinganishwa na hayo mawili, na baadaye yakapatikana yanayovuka 100. Chukua mafuta mawili ya msingi yenye mnato unaokaribiana kwenye nyuzi 40 za Selsiasi, sentistoki (kipimo cha mnato) kama 30 au 31 hivi, mamoja ya Kundi la I na mengine ya Kundi la IV. Yakipata joto la nyuzi 100, ya Kundi la I hushuka hadi karibu sentistoki 5.2, ilhali ya Kundi la IV hubaki karibu 5.9. Hiyo ndiyo tofauti ambayo mchanganyaji wa oili ya minerali, yaani ya Kundi la I au la II, hulazimika kuifidia kwa polima, na polima hizo, zikisagwa kwa muda mrefu kati ya gia, beringi na ringi, hukatikakatika, oili ikapoteza uzito iliokuwa nao siku ya kwanza. Oili yenye mafuta ya msingi ya fahirisi kubwa huhitaji polima chache, kwa hiyo ina machache ya kupoteza.

Sasa nifike kwa fundi wako na ile hoja ya plastiki, ambayo ina chembe ya ukweli na inastahili kujibiwa kwa heshima. Mafuta ya Kundi la IV huitwa polialfaolefini, kwa kifupi PAO, na chanzo chake ni gesi ya ethilini, ambayo kweli ndiyo inayotengenezewa polithini ya mifuko na madumu. Lakini kilichofanywa na gesi hiyo ni tofauti. Kwanza ethilini huunganishwa mpaka ipatikane molekuli iitwayo desini, yenye atomi 10 za kaboni. Kisha desini mbili, tatu au nne hushikamanishwa, na kazi husimamishwa hapo: molekuli ya desini tatu ina kaboni 30, wakati mnyororo mmoja wa polithini una kaboni maelfu kwa maelfu. Mwishoni haidrojeni huongezwa ili pasibaki sehemu isiyoshiba. Molekuli zikiwa zimeundwa kwa mpango mmoja, hakuna nta ya kuganda, ndiyo maana PAO huendelea kutiririka hata kwenye baridi ya nyuzi 50 chini ya sifuri, na hakuna takataka za salfa. Kwa hiyo mwambie fundi kwamba amepata ukoo sawasawa, ila kilichomo kwenye galoni hakiwezi kugeuka plastiki ndani ya injini.

Kundi la V lina mengi, lakini linalotuhusu ni esta, na watu wa Kigoma wanazo esta jikoni tangu zamani, maana mawese ni esta za asili. Litazame dumu la mawese alfajiri ya Juni: chini kumekaa sehemu nzito ya manjano iliyoganda, na juu yake mafuta mekundu yanatiririka. Hiyo ni kwa sababu mawese yana asidi ya palmitiki karibu asilimia 44, ambayo imeshiba na huganda upesi, na asidi ya oleiki karibu asilimia 40, ambayo haijashiba na hubaki majimaji. Ile iliyoshiba ingeziba njia nyembamba za oili asubuhi, na ile isiyoshiba ingeoksidika kwenye joto la pistoni na kugeuka gundi. Mafuta ya nyonyo yalijaribiwa kwa dhati zaidi; injini za ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia, zile ambazo silinda zake zilizunguka pamoja na pangaboi, ziliyategemea, na jina la Castrol, lililoanza mwaka 1909, linatokana na mafuta hayo. Yanalainisha vizuri mno kwa sababu molekuli za esta hushikamana na chuma, lakini huacha utando mgumu. Esta za kisasa huundwa kiwandani kwa alkoholi na asidi zilizochaguliwa ili faida hiyo ibaki na kasoro hizo zipungue. Injini za ndege za jeti hutumia esta karibu peke yake. Katika oili ya gari, esta huongezwa kiasi kidogo kwenye PAO, kwa sababu ambayo nitaieleza nikifika kwenye sili, ile mipira inayozuia oili isivuje.

Kuhusu maandishi ya mbele ya galoni, jihadhari. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Castrol ilibadilisha oili yake moja iliyouzwa Marekani kama sinthetiki, ikaacha PAO na kutumia mafuta ya Kundi la III. Mobil ikalalamika kwenye chombo cha Marekani kinachoamua migogoro ya matangazo ya biashara, na mwaka 1999 chombo hicho kiliamua kwamba mafuta ya aina hiyo yanaweza kuitwa sinthetiki, kwa kuwa molekuli zake zimebadilishwa kwa kemia na hazikuchujwa tu. Tangu hapo nchi nyingi zimeufuata mkondo huo, isipokuwa Ujerumani, ambako neno la sinthetiki kamili limebaki kwa Kundi la IV na la V. Galoni utakayoinunua Mwanga ikiwa imeandikwa sinthetiki kamili, basi kwa kiasi kikubwa ni Kundi la III, na hilo halina ubaya wowote, maana Kundi la III zuri linaikaribia PAO katika karibu kila jambo isipokuwa baridi kali. Nusu sinthetiki ndilo neno lililo legevu zaidi. Hakuna kanuni ya kimataifa inayotaja kiasi cha chini cha sinthetiki kinachotakiwa kuwemo, kwa hiyo galoni moja inaweza kuwa na asilimia 30 na nyingine 10, zote zikiwa na maneno yaleyale.

Je, ndani ya injini tofauti hizi zinafanya nini? Oili iliyomo kwenye sampu, yaani bakuli la chini ya injini, huwa na joto la karibu nyuzi 100, lakini ile inayopanda kwenye mfereji wa ringi ya juu ya pistoni hukutana na joto linalopita nyuzi 200. Kwa kanuni ya jumla ya kemia, kila joto linapopanda nyuzi 10, kasi ya uoksidishaji hukaribia kuongezeka maradufu. Molekuli zisizoshiba ndizo za kwanza kushambuliwa. Hutoa asidi, kisha huungana zikawa tope na vanishi. Ukifungua tapeti kava, kifuniko cha juu cha injini, iliyotumia oili hafifu kwa muda mrefu, utaona tope jeusi limejaa kwenye pembe na njia za kurudishia oili, na ringi za pistoni zimeshikwa na kaboni zisiweze kucheza. Gari huanza kula oili hapo, na mara nyingi lawama humwangukia fundi wa mwisho kulishika.

Oili nyingine hupotea kwa kuvukiza. Maabara huipima kwa kuichemsha oili kwa nyuzi 250 kwa muda wa saa moja na kuangalia asilimia ngapi imepotea. Kiwango cha kisasa cha oili za magari ya petroli kinataka isizidi asilimia 15. Mafuta mepesi ya Kundi la I hayawezi kukifikia, na hapa ndipo namba ya SAE, yaani ile ya aina ya 15W-40, ingawa haitaji mafuta ya msingi, inapoweza kukudokeza. Oili ya 15W-40 au 20W-50 inaweza kutengenezwa kwa Kundi la I. Oili ya 5W-30 inayotimiza viwango vya sasa haiwezi, kwa hiyo kwa sehemu kubwa ni Kundi la III, hata kama mbele hapakuandikwa kitu. Oili ya 0W huhitaji Kundi la III au la IV.

Sasa tupime mambo haya kwa hali ya hewa ya kwetu. Herufi W huhusu baridi: oili ya 15W hujaribiwa kwa nyuzi 20 na 25 chini ya sifuri, na ya 5W kwa nyuzi 30 na 35 chini ya sifuri. Alfajiri ya baridi kuliko zote ya mwezi Julai, iwe Kigoma au Tabora, haisogelei hata sifuri yenyewe. Ule uwezo wa PAO wa kutiririka kwenye barafu, unaolipiwa kwa bei kubwa na watu wa Ulaya ya kaskazini, kwetu hauna kazi. Kinachobaki cha kununua ni uvumilivu wa joto, uvukizaji mdogo na kudumu kwa uzito, na hivyo vina thamani kubwa kwenye injini inayofanya kazi ngumu, hasa yenye tabo, kifaa kinachoisukumia injini hewa kwa nguvu. Ekseli ya tabo huzunguka makumi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika, ikipozwa na oili tu kwa sehemu kubwa, na dereva akizima injini ghafla baada ya kupanda na mzigo, oili iliyobaki pale huokwa na joto la nyumba ya tabo mpaka igeuke kaboni ngumu. Mafuta ya msingi yaliyoshiba vizuri hustahimili hilo muda mrefu zaidi, ingawa kuiacha injini ikinguruma dakika moja au mbili kabla ya kuzima kunasaidia oili ya aina yoyote.

Lakini yako mambo ambayo mafuta ya msingi hayasaidii hata kidogo, na kwenye barabara zetu ndiyo yanayoua injini nyingi. Vumbi ni mchanga wa silika, mgumu kuliko chuma cha ringi, na likipita kwenye filta ya hewa iliyochanika au mpira uliolegea, litasaga silinda ukiwa na PAO sawasawa na ukiwa na Kundi la I. Masizi ya dizeli nayo hushughulikiwa na viongezeo. Oili ya dizeli kuwa nyeusi mapema baada ya kumwagwa ni dalili kwamba viongezeo hivyo vinayabeba masizi kama vilivyokusudiwa, kwa hiyo usiihukumu oili kwa rangi, wala kwa kuisugua kati ya kidole gumba na cha shahada kama mafundi wengi wanavyofanya. Kwenye vidole oili iko karibu nyuzi 30, na wepesi unaousikia pale haukuelezi unene wa utando kwenye beringi kwa nyuzi 100. Oili ya 15W-40 ya sinthetiki na ya minerali zote lazima ziwe kati ya sentistoki 12.5 na 16.3 kwenye joto hilo, la sivyo haziruhusiwi kubeba namba 40. Hofu ya fundi wako kwamba sinthetiki ni nyepesi kwa Fuso haina msingi ikiwa namba ni ileile.

Hofu ya kuvuja ilikuwa na sababu yake zamani. PAO yenyewe huinywesha kidogo mno mipira ya sili, na baadhi ya sili huweza kusinyaa, ilhali mafuta ya Kundi la I, kwa aromatiki zake, huzivimbisha kidogo. Oili za mwanzo za PAO, za miaka ya 1970, zilipata sifa mbaya kwa jambo hilo, na ndiyo maana esta huongezwa leo, kwa kuwa esta huvimbisha sili na kurudisha uwiano. Hali ni tofauti kwa injini ambayo sili zake zimekwisha kukauka, na kinachozuia oili isitoke ni tope lililoganda mdomoni. Oili yoyote yenye sabuni nzuri, hata ya minerali, italisafisha tope hilo na uvujaji utaonekana. Dawa yake ni kubadilisha sili. Kuhusu kuchanganya, oili za injini zenye viwango vya API hutakiwa kukubaliana zikichanganyika, kwa hiyo ukiishiwa njiani Malagarasi na dukani ipo minerali peke yake, ongeza bila woga, ukijua tu kwamba ubora wa ile ya bei kubwa umepungua.

Nisilidharau Kundi la I. Linayeyusha viongezeo na masalia vizuri kuliko makundi mengine, lina salfa ya asili inayosaidia kidogo kuzuia uoksidishaji, na ndilo pekee linalotoa kwa wingi mafuta mazito kabisa ya msingi yanayohitajika kwenye injini kubwa za meli. Injini ya kizamani isiyo na tabo, inayomwagwa oili kwa wakati, inaweza kuishi nalo miaka mingi.

Kwa Fuso lako, basi, geuza galoni na usome nyuma kabla ya mbele. Tafuta herufi za API zinazoanza na C, ambazo ni za dizeli. CI-4 ilianza mwaka 2002 na ni daraja zuri kwa lori la aina yako. CH-4 ya mwaka 1998 bado inafaa kwa injini ya zamani isiyo na tabo. Ukikuta CF peke yake, tena ikiambatana na SF, hiyo ni oili ya daraja lililokwisha kustaafishwa, na bei yake ndogo haikupi nafuu. Oili ya 15W-40 CI-4 kutoka kwa mtengenezaji anayeaminika, inayouzwa kama minerali, siku hizi mara nyingi imechanganywa kwa mafuta ya Kundi la II. Mimi ningeinunua hiyo, nikaimwaga kwa kilomita ambazo kitabu cha gari kimetaja kwa kazi ngumu, na tofauti ya bei ningeipeleka kwenye filta halisi ya oili na ya hewa. Kama injini ina tabo na inapanda Kasulu ikiwa na mzigo kila wiki, hapo sinthetiki inarudisha fedha yake, kwa masharti kwamba usirefushe muda wa kumwaga kupita kitabu kwa kuwa tu umelipa zaidi.

Noah ni jambo jingine. Kitabu chake kikitaja 5W-30, usiiwekee 15W-40 ya Fuso ili kununua galoni moja kwa magari mawili. Injini za Toyota zenye VVT-i huendesha mfumo wa vali kwa shinikizo la oili inayopita kwenye njia nyembamba, na asubuhi oili nzito huchelewa kufika juu. Chagua 5W-30 yenye API SN au SP, na mafuta ya msingi yatakuwa yamekwisha kuchaguliwa na namba yenyewe. Usiitumie oili hiyo kwenye pikipiki ya bodaboda, kwa kuwa ina viongezeo vya kupunguza msuguano vinavyoteleza klachi iliyomo ndani ya oili; pikipiki inataka iliyoandikwa JASO MA, kiwango cha Japani cha oili za pikipiki.

Mafuta ya msingi hayazalishwi nchini. Viwanda vya Dar es Salaam huyapokea kwa meli na kuyachanganya na viongezeo, na galoni husafiri njia ndefu mpaka ziwani, njia ambayo wajanja huitumia kujaza upya galoni kwa oili chafu iliyochujwa kwa kitambaa. Oili kuukuu ikisafishwa kiwandani kwa haidrojeni inaweza kurudi kuwa Kundi la II kamili, lakini ya kuchuja kwa kitambaa imebaki na asidi, masizi na petroli. Angalia nembo ya TBS, pete ya kifuniko isiwe imeguswa, na namba ya toleo iliyochapishwa kwenye galoni yenyewe, kisha toboa galoni tupu kabla ya kuitupa.

Ukiamua kulihamishia Fuso kwenye sinthetiki, kagua kwanza sili ya mbele na ya nyuma ya kranki, na badilisha iliyokauka. Mwaga oili ya kwanza mapema, kwenye nusu ya kilomita za kawaida, pamoja na filta yake, kwa sababu ndiyo itakayobeba tope la miaka iliyopita. Pima kijiti kila asubuhi kabla ya kuondoka kwenda Uvinza, mpaka utakapojua injini inakula kiasi gani.